Ubao wa Kumi na Sita

Butembo, 14 Oktoba 2000
Lycée Mama wa Neema

Sokulu Maliro,

Nakusalimu kwa heshima zote za mjukuu. Naamini barua hii imekukuta umeketi nje ya nyumba, unachonga kitu huku unagombeza kuku. Mimi ni mzima. Darasa la tano la sekondari ni gumu, na chakula cha internat, bweni letu, ni maharage leo, maharage kesho.

Nakuja kwenye shida yangu bila kuzunguka. Kila Jumamosi mchana tuna vikundi hapa: kwaya, kushona, voleboli, gazeti la ukutani, na kikundi chetu cha ngoma za asili. Chetu ndicho kidogo na ndicho kinachochekwa. Tuna ngoma moja tu, nayo imepasuka. Tarehe 26 Mei shule za Kikatoliki zitakutana Beni kushindana, na Sœur Florentine, mtawa aliye mkuu wa shule yetu, ametuambia wazi kwamba tusipokuwa na kitu cha kuonyesha siku hiyo, kikundi kinafungwa na Jumamosi yetu inarudi kwenye jembe la bustani ya kabichi.

Mimi nikasimama nikasema tutapiga endara. Sikufikiri, mdomo ulitangulia. Wengi hapa wanaijua kwa jina tu, ndipo nikawaeleza: mbao kumi na sita juu ya vigogo viwili vya mgomba, watu sita wanapiga pamoja, na mlima wote unasikia. Monsieur Melchior, mwalimu wa historia anayesimamia kikundi, akauliza nani atatuchongea. Nikasema Sokulu wangu wa Mutwanga.

Nimeshasema, Sokulu. Nisaidie nisiwe mwongo. Wapigaji sita wako tayari.

Mjukuu wako,
Jemima


Mutwanga, 5 Novemba 2000

Jemima,

Bwana asifiwe. Barua yako imefika, imeloana kidogo kwa sababu pikipiki ilianguka mtoni pamoja na dereva. Dereva ni mzima.

Mimi shemasi wa Kiprotestanti wa miaka sabini na moja niwachongee Wakatoliki endara? Nimecheka peke yangu mpaka jirani akaja kuuliza kama naumwa. Hata hivyo nimekubali. Mama Vagheni, yule anayetoa samaki Kyavinyonge na kuuza Beni na Butembo, atakuletea mbao tano. Nyingine zitafuata. Zikisafiri zote pamoja, askari wa barrière za barabarani watauliza maswali mengi. Zikifichwa chini ya samaki, hakuna atakayeingiza mkono.

Sasa shika haya. Vigogo vya mgomba vikatwe asubuhi ileile ya kupiga, maana kigogo cha jana kimeshakufa. Kati ya ubao na ubao chomeka kijiti ili zisigusane. Usizipange juu ya meza kama sahani. Na hao vijana sita uwaambie wasipige kwa hasira. Ubao hauna kosa.

Babu yako,
Maliro, shemasi


Butembo, 2 Desemba 2000

Sokulu,

Asante, asante tena. Mbao tano zimefika na harufu yake yote. Chumba chetu cha kulala kimenuka samaki wiki nzima, na paka wa jikoni alihamia kwetu.

Hapo ndipo kosa langu lilipozaliwa. Sœur Florentine alisema kitu cha kwenda kuonyeshwa Beni lazima king'ae na kisinuke. Akatupa ile sira nyekundu, nta tunayosugulia sakafu ya kanisa. Rafiki yangu Julie na mimi tulisugua mbao zote tano pande zote, mara mbili, mpaka ukaweza kujiona ndani yake. Zilikuwa nzuri kweli. Jumamosi tukakata migomba, tukazilaza, tukapiga. Sokulu, hazikutoa kitu. Ni kama kugonga mlango wa nyumba isiyo na watu. Kwaya walikuwa wanasikiliza dirishani, na walicheka mpaka wakakaa chini.

Nililia, sikufichi. Nimeziua?

Jemima


Mutwanga, 20 Desemba 2000

Jemima,

Sira. Ya sakafu. Nilisoma neno hilo mara tatu, kisha nikatoka nje nikatembea mpaka mtoni na kurudi.

Hazikufa. Ubao unapumua, na nyinyi mmeuziba pua. Kwangua sira yote kwa kipande cha chupa, taratibu, kufuata nyuzi za mti. Kisha zipandishe juu ya moto wa jikoni, pale kwenye moshi, si kwenye mwali, zikae mwezi mzima. Mwambie huyo Sœur wako kwamba kinachong'aa ni kwa macho, na endara ni kazi ya masikio. Umwambie kwa adabu.

Natuma kumi nyingine kwa Mama Vagheni. Sasa ni kumi na tano. Ukizipaka hata mafuta ya kujipaka mwenyewe, nitakuja Butembo kwa miguu.

Babu yako,
Maliro, shemasi


Butembo, 3 Februari 2001

Sokulu,

Zinaimba. Leo zimeimba. Kwaya walikuja tena dirishani, safari hii hawakucheka. Mpishi aliacha maharage yakaungua akaja kusimama mlangoni na mwiko mkononi, na Sœur Florentine alipita mara mbili akijifanya anatafuta mtu.

Lakini nina swali. Nilipokwangua sira, chini yake niliona alama zilizochomwa kwa chuma cha moto, na zile kumi za pili zinazo pia. Mbao nyingine zina jicho la samaki, nyingine mistari miwili, nyingine mwezi mchanga. Ni alama tano tofauti, mbao tatu kwa kila alama. Na katikati ya kila ubao mti umelika, umekuwa laini kabisa, kama umepigwa miaka mingi. Ulisema unachonga. Hizi si mbao mpya, Sokulu. Ni za nani?

Tena tunangoja ule wa kumi na sita, mkubwa. Wimbo ulionifundisha nikiwa mtoto unaanza na huo, na wengine wote wanaujibu. Kwa sasa Débora anapiga bidon tupu ya mafuta mahali pake. Tunaanza vibaya kila mara.

Jemima


Mutwanga, 25 Februari 2001

Jemima,

Jana Mama Vagheni alipita hapa. Nikamuuliza habari za vijana wangu sita wa Butembo. Akaniangalia kwa huruma, akasema: "Maliro, haujue? Ile ni babinti batupu. Kijana hata moja hapana."

Shule ya wasichana. Mimi mwenyewe nilikupeleka hapo, nikabeba sanduku lako mpaka langoni, na sikufikiri. Kila barua umeandika "wapigaji", na kila barua nimesoma "vijana". Umenificha, na ulijua unanificha. Kwetu wanaume ndio wanaopiga na wasichana wanacheza mbele. Nimekasirika, na nataka ujue kwamba nimekasirika.

Umeuliza mbao ni za nani, nami nitakujibu ukweli ili mmoja wetu awe amesema ukweli. Tulikuwa sita. Endara yetu haikuwa na mwenyewe. Kila mmoja alitunza mbao zake nyumbani kwake, ili pasiwe na mtu wa kujigamba peke yake na wote walazimike kuitana. Mmoja akifa, watoto wake wananiletea mbao zake, kwa kuwa mimi ndiye niliyezichonga. Jicho la samaki ni Ésaïe. Mistari miwili ni Kasika. Mwezi ni Éliakim. Lusenge na Jéthro waliondoka vita ilipoanza, mmoja kwa homa, mwingine njiani akikimbia. Mbao zote kumi na tano zilirudi kwangu, zimekaa chini ya kitanda changu, na hakuna wa kuniita wala wa kumwita.

Ulipoandika kwamba kuna vijana sita, nilifurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Sikuwa na nguvu ya kuchonga mpya. Nikatuma zao.

Ubao wa kumi na sita ni wangu. Mkubwa, mmoja tu, wa anayeanza. Hautumwi. Kwetu ubao wa mwisho wa mtu unatoka nyumbani siku anapozikwa.

Maliro


Butembo, 10 Machi 2001

Sokulu,

Nimekosa. Nilikuficha kwa sababu nilijua ungekataa, na nilitaka mbao kuliko nilivyotaka ukweli. Naomba msamaha kwa magoti, na Julie anaomba pamoja nami ingawa hukumuuliza.

Lakini nikuulize na mimi. Ésaïe, Kasika, Éliakim, Lusenge na Jéthro, nani anawaita sasa? Kila Jumamosi saa nane mchana tunawaita sisi. Nimewafundisha wenzangu majina. Julie hasemi "mbao zangu", anasema "mbao za Ésaïe", na anamgombeza anayeziruka. Vijana hawakuja, Sokulu. Tulikuja sisi.

Habari nyingine ni mbaya. Débora amechukuliwa na baba yake, wamerudi Luofu kwa sababu ya fujo za barabarani. Alilia akaniachia bidon yake. Tumebaki watano. Sœur Florentine amesema tukifika Mei bila mpigaji wa sita na bila mwanzo wa wimbo, hatupandi gari. Hajasema kwa ubaya, anaogopa tutachekwa mbele ya shule zote.

Siombi uutume ubao wako. Nimekuelewa, na usiutume kamwe. Nakuomba uulete wewe mwenyewe, mkononi, kama mtu aliye hai. Beni, 26 Mei, uwanja wa parokia. Njoo uanze, sisi tutajibu.

Jemima


Butembo, 28 Aprili 2001

Sokulu,

Hii ni barua ya pili tangu Machi, na hujajibu. Mama Vagheni naye hajaonekana. Pasaka imepita. Najua umekasirika na una haki. Ila uniandikie hata neno moja la kunigombeza, nitalifurahia.

Bado tunafanya mazoezi. Hakuna anayekaa mahali pa sita. Tumepaacha wazi, tunahesabu kimoyomoyo mpaka pale wewe ungepiga, kisha tunaingia. Leo tumeingia pamoja kwa mara ya kwanza. Monsieur Melchior anasema ni ajabu, tunajibu kitu ambacho hakipo.

Jemima wako


Beni, 12 Mei 2001

Mjukuu wangu Jemima,

Barua zako mbili zimenifikia siku moja, hapa Beni. Usinihesabie ukimya huo kuwa hasira. Hasira nilikuwa nayo, ila iliniishia njiani.

Katikati ya Machi watu wenye bunduki walishuka kutoka mlimani na Mutwanga nzima ikakimbia. Jirani zangu walibeba magodoro, masufuria, mmoja alibeba dirisha. Mimi nilishika ubao. Nilitembea siku mbili nao begani, na watu waliniuliza kama nimerukwa na akili. Tangu siku hiyo nalala kwenye ua wa kanisa letu hapa, na ubao ndio mto wangu. Mama Vagheni yupo hapa pia, ndiye aliyezitafuta barua zako.

Kule njiani nilifikiri hivi: zile kumi na tano zingekuwa chini ya kitanda changu, zingebaki. Nyumba yangu imeungua, Jemima. Kitanda pia. Mbao za wenzangu zimepona kwa sababu zilikuwa kwa wasichana. Nilisimama katikati ya barabara nikiwa na jambo hilo kichwani, na mtu wa nyuma yangu akanigonga na godoro.

Sasa tunasikia Mutwanga imetulia, na wiki ijayo wanaume wanapanda kwenda kuezeka upya. Lazima niende nao, vinginevyo mvua itanikuta bila paa. Kuhusu tarehe 26, siahidi. Kutoka Mutwanga mpaka Beni kuna barrière nne, na magoti yangu ni barrière ya tano. Msinisubiri na kuchelewesha watu. Nafasi yangu iacheni wazi, kama mlivyozoea.

Babu yako,
Maliro


Butembo, 28 Mei 2001

Sokulu,

Uliondoka haraka mno. Nilipoinua kichwa ulikuwa umeshapanda camionnette ya Mutwanga, ubao kwapani, na kofia yako tu ndiyo niliyoiona. Sikukuambia kitu. Nakueleza sasa yote uliyoyakosa, kuanzia kabla hujaja.

Sœur Florentine alitupandisha gari tukiwa watano. Asubuhi ya safari alituita ofisini, akauliza: "Huyo babu atakuja?" Nikasema sijui. Akavua miwani akaifuta muda mrefu, akasema twende, tukichekwa tuchekwe wote, na yeye atakaa mstari wa mbele. Nilikuwa nimemhukumu vibaya mwaka mzima kwa ajili ya sira.

Shule mbili kabla yetu zilikuwa na clavier, kinanda cha umeme kutoka Uganda, na spika kubwa. Sisi tulikuwa na vigogo viwili vinavyotoa maji. Watu walianza kucheka tukipanga mbao. Nafasi ya sita wazi, ubao wa kumi na sita hakuna. Nilishika fimbo zangu, nikaanza kuhesabu kimoyomoyo kama tulivyozoea. Nilipofika pale pa kuingia wewe, ubao ukalia.

Nilidhani nimeanza kusikia vitu. Kisha nikaona viatu vyako vya matope pembeni yangu. Hukunisalimu hata. Uliuweka, ukaupiga, na sisi tukakujibu kwa sababu miezi miwili tulikuwa tunakujibu. Hakuna aliyekosea, Sokulu, hata Julie ambaye hukosea kila siku.

Hukuwaona watu, maana ulifumba macho. Mama wa sokoni waliacha meza zao wakaja na vigelegele. Wazee walipanda ukuta wa parokia. Jury, wale waamuzi, walituomba turudie, na hilo halikufanyika kwa shule nyingine yoyote. Ulipokwisha panda gari walitangaza: Lycée Mama wa Neema, wa kwanza. Tulipiga kelele mpaka sasa sina sauti. Sœur Florentine alinikumbatia, nikasikia anacheka na kulia pamoja.

Zawadi ni mbuzi dume. Wenzangu walitaka achinjwe siku hiyohiyo, Sœur akakataa. Akafungua daftari la vikundi, akaandika kwa mkono wake kwenye ukurasa wetu majina matano, kisha la sita: Maliro, Mutwanga. Akasema mbuzi hachinjwi mpaka mwanachama wa sita aje mezani. Sasa mbuzi yuko kwenye bustani, anamaliza kabichi, na hakuna anayeruhusiwa kumfukuza.

Kikundi hakifungwi. Wasichana ishirini na wawili wameomba kuingia.

Nina swali moja la mwisho. Mbao za wenzako tuzirudishe kwako? Ni zako sasa, kwa desturi.

Jemima


Mutwanga, 10 Juni 2001

Mjukuu wangu,

Na wewe kuna uliyoyakosa. Sikiliza.

Barrière tatu za kwanza zilikuwa nyepesi. Ya nne, karibu na Beni, wakaniteremsha, na gari likaendelea bila mimi. Askari kijana sana, si wa kwetu, akashika ubao akaugeuza geuza. Akaniuliza: "Mzee, hii libao ni ya nini?" Nikasema ni yangu. "Inafanya nini?" Nikaupiga kwa ngumi, ukatoa sauti moja. Akangoja nyingine, haikuja. Wakacheka wote. Nikamwambia: "Peke yake haifanye kitu. Zingine kumi na tano ziko mbele, bananingoja." Akaacha kucheka. Akanirudishia ubao kwa mikono miwili, akasema: "Basi enda, mzee. Bisichoke kukungoja." Nimetembea kilomita ile ya mwisho kwa miguu, nikisema moyoni kwamba hamwezi kuwa mmeanza bila mimi.

Mlikuwa mmeanza. Nilisimama nyuma ya watu, nikaona fimbo zimeinuliwa na hakuna anayepiga, nikajua mnanihesabia, nikapenya mpaka kwenu. Mimi ndiye niliyewaita Ésaïe na wenzake miaka arobaini. Hakuna hata siku moja waliyonipa nafasi ya ukimya namna ile. Nilifumba macho kwa sababu nilikuwa nalia, na shemasi hapendi kuonwa.

Nyumba imeezekwa. Majirani waliniuliza kwa nini nimerudi na ubao wakati shule imeshinda. Nimewajibu: nimerudi nao kwa sababu mimi ni mzima.

Kuhusu mbao za wenzangu, usirudishe hata moja. Desturi ile tuliitunga sisi sita, na nimebaki mimi, kwa hiyo naibadilisha leo. Pasha chuma moto. Kila msichana achome alama yake pembeni ya alama aliyoikuta. Asifute ya zamani. Julie aweke yake karibu na jicho la Ésaïe, maana Ésaïe naye alikosea kila siku. Wewe chukua za Kasika. Na hao ishirini na wawili uwaambie kuna mti mmoja kando ya mto hapa ninaoutazama tangu juzi, nao unatosha endara ya pili. Nguvu ya kuchonga imerudi, sijui ilikuwa wapi.

Mbuzi mumlishe vizuri. Nakuja Septemba, shule ikifunguliwa, na ubao mkononi. Sœur Florentine umwambie asiupake kitu.

Babu yako,
Maliro, mpigaji wa sita
Lycée Mama wa Neema